Meli Iliyorudi Bandarini na Maji Matupu

Siku ya kwanza, Jumanne

Boston nimekuja kwa harusi, na harusi yenyewe ni Jumapili. Huku Charlestown, ng'ambo ya mto, nimeletwa na uongo.

Uongo huo aliutuma mjomba kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba alikuwa fundi wa majahazi mpaka magoti yalipomstaafisha, na hadi leo chochote chenye mlingoti hakimpiti. Kisa kinasema hivi: tarehe 23 Agosti 1779 manowari ya Kimarekani iitwayo USS Constitution iling'oa nanga Boston ikiwa na watu 475, maji ya kunywa galoni 48,600, risasi za mizinga 7,400 na ramu galoni 79,400. Kazi iliyotumwa ni kuwasumbua Waingereza baharini. Ikapita Jamaica, ikapakia unga kidogo na ramu galoni 68,300. Ikapita visiwa vya Azores, ikapakia nyama kidogo na mvinyo wa Kireno galoni 64,300. Ilipofika Uingereza ikazishinda manowari tano na kuzamisha meli 12 za biashara, baada ya kuhamisha ramu yao tu. Baruti ilipokwisha, mabaharia wakaingia usiku kwa mto Clyde, Scotland, wakateka kiwanda cha wiski, na alfajiri ikawakuta wameshapakia galoni 40,000. Tarehe 20 Februari 1780 meli ikarudi Boston haina risasi, haina baruti, haina chakula, haina ramu, haina mvinyo, haina wiski. Kilichobaki ni maji, galoni 38,600, yameshaoza.

Chini yake mjomba aliandika neno moja: "Mabaharia!"

Jioni hii shemeji amenivusha kwa kivuko kutoka Long Wharf. Kabla hata hatujakaribia, milingoti mitatu ilikwisha jitokeza juu ya mapaa ya bohari. Wa kati una mita 67, na nyuzi zake ni nyingi hivi kwamba kwa mbali unadhani buibui ameachiwa bandari nzima. Ubavu ni mweusi, na mstari mweupe unapita penye madirisha ya mizinga. Nimesimama gatini nikitafuta pembe nzuri ya kumpigia mjomba picha, mara mzinga ukalia. Simu nusura iende majini. Shemeji, anayeishi hapa miaka mingi, hakupepesa hata jicho.

"Hupigwa kila siku jua linapotua," akasema. "Na asubuhi wakipandisha bendera. Nilisahau kukwambia."

Hakusahau. Namfahamu shemeji yangu.

Siku ya pili, Jumatano

Jana usiku sikupata usingizi, mwili bado uko saa za nyumbani, nikaamua kupiga hesabu. Jumlisha ramu, mvinyo na wiski za kwenye kisa unapata galoni 252,000. Gawa kwa watu 475, kisha kwa siku 181 za safari. Kila mtu alikunywa lita 11 kwa siku, na hapo sijahesabu ile ramu ya meli 12 zilizozamishwa. Mtu wa namna hiyo hapandi mlingotini. Mtu wa namna hiyo haoni hata mlingoti uko wapi.

Lakini hesabu haikuwa na haja, kwa sababu kosa liko mstari wa kwanza. Mwaka 1779 meli hii haikuwepo. Sheria ya kuiunda ilitiwa saini Machi 1794, pamoja na wenzake watano, kwa sababu maharamia wa Algiers walikuwa wakizikamata meli za Kimarekani bila ya mtu wa kuwauliza. Aliyebuni umbo ni Joshua Humphreys. Karakana ilikuwa ya Edmund Hartt, hapa hapa Boston, upande wa pili wa maji.

Na kushuliwa kwake kuna kichekesho kuliko ramu yote ile. Tarehe 20 Septemba 1797 Rais John Adams yupo, gavana yupo, mji mzima umejaa ufukweni. Magogo ya kuizuia yakaondolewa. Meli ikateleza mita nane, ikasimama. Ikavutwa, ikasukumwa, ikakataa. Baada ya siku mbili wakajaribu tena, ikasogea mita tisa na ushei, ikasimama tena. Njia ya kuteremkia haikuwa na mwinamo wa kutosha. Ikabidi itengenezwe upya na watu wasubiri maji makuu ya mwezi uliofuata, ndipo tarehe 21 Oktoba ikakubali kuingia baharini. Aliyeipa jina aliivunjia chupa ya mvinyo wa Madeira kichwani. Basi kilevi cha kwanza cha chombo hiki hakikunywewa na mtu.

Nilipomsimulia mjomba kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Chombo kikikataa kushuka," akasema, "fundi hujificha."

Leo nimepanda. Kuingia ni bure, ila mtu mzima lazima aonyeshe kitambulisho, kwani hii bado ni meli ya jeshi. Ndiyo manowari kongwe kuliko zote duniani inayoelea na yenye mabaharia wa kazi. Ile Victory ya Waingereza ina umri mkubwa zaidi, lakini imekaa nchi kavu tangu 1922. Mabaharia wa hapa ni vijana wa jeshi la majini waliovaa sare za vita vya 1812, vile vya Marekani na Uingereza. Aliyetupokea ni binti wa miaka ishirini hivi, kofia nyeusi ya kung'aa imemshukia mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza habari ya ramu. Akashusha pumzi kama mwalimu aliyeulizwa swali lile lile na darasa la tano mfululizo.

"Kila siku," akasema. "Kila siku mtu ananiuliza."

Posho halisi, akanieleza, ilikuwa nusu painti ya kilevi kwa mtu kwa siku, yaani kama robo lita, tena kwa kupimiwa, na jeshi lilikikomesha kabisa kipimo hicho mwaka 1862. Kisha akanishusha chini kuniona nikigonga kichwa.

Nimekigonga mara tatu. Sitaha ya mizinga inavumilika. Ya chini yake, walikolala mabaharia, imeinama kama dari ya banda la kuku. Meli ilibeba watu wapatao 450, na machela zao zilitundikwa zikigusana. Kuna giza na harufu ya mbao, rangi na kamba. Nikaweka kiganja ubavuni. Unene wake ni inchi 21, zaidi ya nusu mita ya mti mtupu: mbao za mwaloni mweupe nje, mbao za mwaloni mweupe ndani, na katikati mataruma, yaani mbavu za meli, ya aina nyingine ya mwaloni inayomea pwani ya Georgia, mzito kama jiwe, tena yamepangwa karibu karibu hivi kwamba kidole hupita kwa taabu. Matawi ya mti huo hupinda yenyewe. Hicho ndicho kilichomfurahisha mjomba kuliko mizinga yote, maana na majahazi ni vivyo hivyo: taruma huendi kulipinda, unalitafuta mwituni likiwa limeshapinda.

Siku ya tatu, Alhamisi

Mvua tangu alfajiri. Nimeshinda makumbusho, ndani ya jengo la mawe lililokuwa la pampu za chelezo. Chelezo chenyewe, pa kukarabatia meli, kiko mbele ya mlango, shimo kubwa la matale, na Constitution ndiyo meli ya kwanza kuingia humo, Juni 1833.

Pana machela ya wageni kujaribia. Nimejaribu. Kupanda ni rahisi, ukishapanda ndipo machela inapokukumbusha kwamba haijakujua. Mtoto wa miaka saba hivi alinifundisha kushuka.

Humo ndimo nilimokaa na vita vya 1812. Jina la utani, Old Ironsides, yaani Mbavu za Chuma, lilipatikana tarehe 19 Agosti mwaka huo, ilipopigana na manowari ya Kiingereza Guerriere. Risasi zilidunda kwenye ule mwaloni, na inasimuliwa kwamba baharia mmoja akapiga kelele kuwa ubavu ni wa chuma. Nahodha Isaac Hull alikuwa mtu mnene na suruali yake ilimbana. Inasimuliwa pia kwamba alipoamuru mizinga ifyatuliwe aliruka kwa furaha, suruali ikapasuka kati. Na tena kwamba yeye na nahodha wa Guerriere, James Dacres, walikuwa wamewekeana dau la kofia zamani, wakati wa amani, endapo meli zao zingekutana. Dacres alipokuja kusalimisha upanga, Hull akaukataa, akadai kofia. Habari za suruali na kofia nazipokea kama nilivyopewa. Meli kongwe ikiwa na nahodha mnene, lazima suruali ipasuke.

Lakini lililonisimamisha ni la mwezi mmoja kabla. Julai 1812, pwani ya New Jersey, upepo ukafa kabisa na kundi la manowari za Kiingereza limetokea nyuma. Hull akateremsha mashua zibebe nanga mbele, zikaitosa, na mabaharia waliobaki sitahani wakavuta amari, ile kamba ya nanga, mpaka meli ikaifikia nanga, kisha nanga ya pili, kisha ya kwanza tena. Saa 57 za namna hiyo, usiku na mchana, na Waingereza nyuma wakifanya vile vile. Ili kuipunguzia meli uzito Hull akaamuru kitu kimwagwe baharini. Kilichomwagwa ni maji ya kunywa, galoni 2,300.

Maji. Nimemtumia mjomba habari hii peke yake, bila maelezo. Amejibu baada ya dakika mbili: "Unaona?"

Nilikaribia kuondoka nilipokumbuka kumtafuta rais asiye na kichwa. Mwaka 1834 mkuu wa karakana hii aliamua gubetini, mbele kabisa ya meli, pakae sanamu ya Rais Andrew Jackson. Boston wakati huo ilikuwa haimtaki Jackson hata kwa picha, kwa ugomvi wake na Benki ya Marekani. Usiku wa Julai 2, mvua ya radi ikimwagika, nahodha mmoja wa meli za biashara aitwaye Samuel Dewey akapiga makasia peke yake hadi kwenye meli, iliyokuwa imefungwa katikati ya manowari mbili zenye walinzi, akakwea, akakata kichwa cha rais kwa msumeno, akarudi nacho nyumbani. Baadaye alikipeleka mwenyewe Washington, akamkabidhi Waziri wa Jeshi la Majini mkono kwa mkono. Najaribu kuufikiria uso wa yule waziri.

Siku ya nne, Ijumaa

Nimeamka na jina moja kichwani. Jana, nikiwa mlangoni tayari na mwavuli, nilipitisha jicho kwenye orodha ya bandari ambazo meli hii ilitia nanga katika safari yake ya kuizunguka dunia. Rio de Janeiro. Madagascar. Msumbiji. Zanzibar.

Nikafunga mwavuli, nikarudi ndani.

Ilikuwa mwishoni mwa 1844. Nahodha aliitwa John Percival, mabaharia wakimwita Jack Kichaa. Alikuwa mzee, jongo limemkamata miguu, na inasimuliwa kwamba alipakia na jeneza lake mwenyewe ili asije akatupwa baharini ndani ya turubai. Alirudi hai, nalo jeneza, wanasema, likaishia kuwa hori la kunyweshea wanyama nyumbani kwake.

Kwa hiyo mbao hizi nilizozigonga kwa kichwa juzi zilikwishaelea mbele ya Forodhani. Aliyekuwa akitawala ni Seyyid Said, na Wamarekani hawakuwa wageni kwake: mkataba wa biashara ulikuwepo tangu 1833, balozi wao mdogo alifika 1837, na mwaka 1840 meli ya Seyyid mwenyewe, Sultana, ilikwenda hadi New York, jeshi la majini la Marekani likaikarabati kama zawadi. Bibi yangu alikufa akikiita kitambaa kizito cha pamba "merikani". Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mashine nyingi zilizokifuma zilikuwa jimbo hili hili la Massachusetts, na meli zilizokibeba zilitoka Salem, nusu saa kwa treni.

Basi leo nimekwenda Salem. Gati la zamani ni refu, jembamba, halina kitu ila upepo na watu wanaotembeza mbwa. Huko ndiko ilikoshushwa sandarusi kutoka kwetu, ikasafishwa ili itengenezwe vanishi. Nimekaa kwenye jiwe mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitaka kufurahi tu, lakini kuna jambo halikunikaa sawa. Mwaka 1853 Constitution ilikamata karibu na mdomo wa mto Kongo meli ya watumwa iitwayo H. N. Gambrill, na hapa wanalitaja hilo kwa fahari, nao wana haki. Ila mwaka 1844, ilipotia nanga Unguja, soko la watumwa lilikuwa wazi na lingebaki wazi mpaka 1873. Meli ile ile ikapokewa kama mgeni, ikatweka, ikaenda zake.

Huko mbele safari ikawageuka. Kuhara damu na homa viliwakumba wakiwa Sumatra, wengine wakafa, Percival akakimbilia Singapore. Huko akapanda kuwasalimu na kuwapa msaada wa tabibu kamanda wa Kiingereza, Henry Chads. Ndiye yule aliyekuwa luteni kwenye manowari Java mwaka 1812, na nahodha wake alipojeruhiwa vibaya, yeye ndiye aliyeisalimisha Java kwa Constitution hii hii. Miaka 32 baadaye anakanyaga sitaha iliyompiga, analeta dawa. Walifika Boston Septemba 1846, wametembea maili 52,370.

Ujumbe wa sauti kutoka kwa mjomba, saa nne usiku za huku: "Kumbe walishatuzuru! Na hawakuleta ramu hata tone?"

Siku ya tano, Jumamosi

Mjomba ameniagiza jambo moja kabla sijaondoka: niulize mti wa asili umebaki kiasi gani. Nikamtafuta yule binti wa kofia. Kama sehemu ya kumi hivi, akasema. Iliyosalia imebadilishwa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka mia mbili, na jeshi la majini lina msitu wake wa mialoni huko Indiana, bara kabisa, wa kuitunza meli hii tu. Ukarabati mkubwa wa mwisho ulikwisha 2017 ndani ya lile shimo la matale, maelfu ya mabati ya shaba yakabandikwa upya chini ya maji.

Kuponea kwake ni visa vitupu. Mwaka 1830 ilivuma kwamba itavunjwa, na shairi la kijana wa miaka 21, Oliver Wendell Holmes, likawatia watu uchungu nchi nzima mpaka ikaachwa. Baadaye ikajengewa banda juu ya sitaha, ikafanana na ghala lililoanguka baharini. Mwaka 1905 Waziri wa Jeshi la Majini, Charles Bonaparte, mjukuu wa mdogo wake Napoleon, akapendekeza ikokotwe nje ikafanywe shabaha ya mizinga. Kumbe ukoo wa Napoleon na meli za mbao wana jambo lao. Mfanyabiashara mmoja, Moses Gulesian, akasema yuko tayari kuinunua kwa dola 10,000. Hakuuziwa, ila kelele zilipata masikio. Miaka ishirini baadaye, ikivuja tena, watoto wa shule walichangishana senti zao, zikafika dola 148,000. Wakalipwa fadhila: kuanzia 1931 meli ikakokotwa pwani hadi pwani, bandari 90, watu zaidi ya milioni nne na nusu wakaipanda.

Yenyewe haikutembea kwa upepo tena mpaka Julai 1997, ilipotweka matanga sita na kwenda dakika 40 peke yake.

Nimempigia mjomba nikiwa bado gatini. "Sehemu ya kumi tu," nikamwambia. "Nyingine yote mpya."

"Mkuku je?"

Nikamuuliza binti. Mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ni ule ule wa 1797.

"Basi chombo ni kile kile," mjomba akasema, kama mtu anayefunga faili. "Mbao ni nguo. Na kalafati? Wanatia nini?"

Hilo nililiona kwa macho. Karibu na mlingoti wa mbele fundi alikuwa amepiga magoti juu ya kipande cha gunia, patasi butu mkono mmoja, nyundo ya mti mkono mwingine, anasukumiza nyuzi za kamba kuukuu zilizolowa lami katika ufa wa mbao mbili. Mlio wa nyundo ulibadilika kadiri nyuzi zilivyojaa, ukaanza mnene ukaishia mkavu, na ulipokauka akahama shubiri moja. Nikanyoosha simu mjomba asikie. Alinyamaza muda mrefu. Nikadhani laini imekatika.

"Mwambie pembeni hajajaza," akasema mwishowe.

Sikumwambia.

Jua limetua tukiwa tunasubiri kivuko. Safari hii niliziba masikio mapema, shemeji akacheka. Moshi wa mzinga haujatawanyika, simu ikatetema: binamu mmoja kwenye kundi la ukoo ametuma kisa cha ramu upya, kina alama ya kutumwa mara nyingi, na safari hii mwaka umekuwa 1798. Nikaandika jibu refu: kushuliwa mara tatu, nusu painti, lita 11 kwa mtu, yale maji galoni 2,300. Nikatuma.

Mjomba akanitangulia wote kujibu.

"Haya yote tumeyasikia," ameandika. "Sasa ramu ilikwenda wapi?"